Vipimo safi, kifua kinabana: kabla hujafungua hilo kopo la Kichina

Mkuu, nimesoma uzi wako humu jukwaani mara mbili. Miezi miwili hulali, kifua kinabana, kuna kitu kama kimekwama kooni, hospitali wanasema vipimo viko safi, unameza dawa za presha, na sasa jirani amekuuzia kopo la vidonge vya Kichina "vya kutoa stress" kwa elfu themanini. Unauliza kama vinafanya kazi. Nitajibu kwa urefu kidogo, maana ugonjwa huo niliuugua Uchina kwenyewe.

Nilikuwa Guangzhou, mitaa ya Xiaobei, wakala wa kununulia watu mizigo na kuwajazia kontena la kuchangia. Kazi nzuri ukiisikia. Ila Guangzhou iko mbele ya Dar kwa saa tano. Mteja wa Kariakoo akifunga duka, akafika nyumbani, akala, akashika simu saa mbili usiku, mimi kwangu ni saa saba usiku. "Kaka, ile jezi ya bluu vipi?" Najibu. Na soko la nguo la Shahe huchangamka kabla ya alfajiri, kwa hiyo napata usingizi wa saa mbili tu, natoka. Mwaka wa tatu muuzaji mmoja alitupakilia bidhaa mbovu, fedha za watu kumi na moja ndani. Simu zikaanza kulia kwa matusi.

Hapo ndipo mwili uliponijia juu. Taya zinauma asubuhi, mbavu za kulia zimejaa kama nimemeza puto, choo leo kigumu kesho maji, na kooni kuna kokwa: hulimezi wala hulitemi, lakini chakula kinapita bila shida. Nikaenda hospitali ya kisasa, wakapima moyo, damu, wakaingiza kamera kooni. Safi. Nilitoka nimekasirika kuliko nilivyoingia, kana kwamba wameniita mwongo.

Dogo mmoja wa Tanga aliyekuwa anasoma huko akanipeleka kliniki ya dawa za jadi, akanitafsiria. Daktari alikuwa mama wa makamo. Aliniambia nitoe ulimi, akautazama kingo zake. Akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akanyamaza kitambo, akahamia wa kulia. Kisha maswali, na hayo ndiyo ninayoyakumbuka zaidi kuliko sindano. Unalala saa ngapi, unashtuka saa ngapi, unaota nini, unapenda maji ya moto au ya baridi, hasira unaitoa au unaimeza. Halafu akauliza: "Mbona unashusha pumzi kila mara?" Sikuwa najua. Dogo akacheka, akasema tangu kwenye treni nilikuwa nashusha pumzi tu kama mzee aliyefiwa.

Daktari akasema mapigo yangu yamekaza kama uzi wa zeze, na akataja kitu kinachoitwa *gan qi yujie*, yaani qi ya ini imekwama. Kwa hesabu zao, qi ni ile nguvu inayotembea mwilini, na kazi mojawapo ya ini ni kuiacha itembee bila kugongana. Ini lao si lile la buchani tu, ni jina la kundi zima la kazi za mwili na hisia. Hasira hugusa ini, huzuni mapafu, woga figo, kuwaza kupita kiasi wengu, na hata furaha ikizidi huuchosha moyo. Kitabu chao cha kale, Huangdi Neijing, chenye umri wa takribani miaka 2,000, kinasema hasira huipandisha qi, woga huishusha, na kuwaza huifunga fundo.

Mimi nikamwambia dogo: mbona haya nimeyasikia kwa bibi? Sisi tunasema roho juu, tumbo joto, fundo la moyo, mtu kakatwa maini. Mswahili hana haja ya kutafsiriwa sana hapo.

Lile kokwa la kooni nalo lina jina, *meihe qi*, qi ya kokwa la plamu. Tabibu Zhang Zhongjing aliliandika kama miaka 1,800 iliyopita, akisema mgonjwa anahisi kipande cha nyama ya kubanika kimekwama kooni. Mshikaki, mkuu! Nilipoambiwa hivyo nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, si kwa kuwa nimepona, bali kwa kujua sikuwa wa kwanza. Madaktari wa kisasa nao wanalijua, mara nyingi wanalihusisha na misuli ya koo kukaza, na huzidi mtu akiwa na wasiwasi. Tatizo ni kwamba mimi hakuna aliyenieleza. Niliambiwa "safi", nikaonyeshwa mlango.

Alinichoma sindano nyembamba kama unywele. Mbili zilikuwa juu ya mguu, kati ya kidole gumba na cha pili, na mbili ndani ya mkono, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo wa kifundo, katikati ya kano mbili. Hiyo ya mkononi wanaiita Neiguan, na ndiyo inayobanwa na zile bangili za kuzuia kichefuchefu wanazovaa watu kwenye boti. Akanipa na vidonge vidogo vyeusi, Xiaoyao wan, dawa ya tangu enzi za wafalme wa Song. Jina lake maana yake ni kama kutembea bila wasiwasi.

Je, vilinisaidia? Nilianza kulala wiki ya tatu. Lakini wiki hiyohiyo nilikuwa nimefuata sharti lake jingine: simu izimwe saa tano usiku. Kwao saa saba hadi saa tisa usiku ni zamu ya ini, na mtu anatakiwa awe amelala. (Siku ya zamani ya Kichina iligawanywa vipande kumi na viwili vya saa mbilimbili. Kwa sisi tunaohesabu saa hadi kumi na mbili na kuanza upya, haikunishangaza.) Kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba ni sindano. Katika tafiti nyingi, sindano halisi hazikuziacha mbali zile za kuigiza, na hakuna mashine iliyowahi kuipima qi. Mimi naichukulia kama ramani ya kuchora kwa mkono. Vipimo vyake si sahihi, ila ilinionyesha kwamba taya, mbavu, tumbo na koo ni barabara moja, wakati mimi nilikuwa natafuta magonjwa manne.

Sayansi inaieleza barabara hiyo kwa njia nyingine: ubongo ukihisi hatari, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, moyo unakimbia, misuli inakaza, tumbo linavurugika. Ni nzuri ukikutana na chui. Ujumbe wa simu wa saa saba usiku, kila usiku, mwili unauona chui vilevile.

Kilichobaki nami hadi leo hapa Dar ni Baduanjin, mazoezi manane ya polepole niliyojifunza kwa wazee wa bustani ya Yuexiu. Dakika kumi na tano hivi. La kwanza unainua mikono miwili kama unabeba mbingu, huku unavuta pumzi, unashusha ukiitoa taratibu, ndefu kuliko ulivyoivuta. Kuna moja unakunja ngumi na kukodoa macho kama unataka kupigana. Hebu fikiria babu wa miaka sabini, saa kumi na mbili asubuhi, anautolea macho mti! Siku ya kwanza niliona aibu, siku ya tano nikamkodolea macho yule muuzaji wangu, kichwani. Mkeo akikushangaa, mwambie ni dawa.

Sasa kopo lako. USILIMEZE kwanza. Dawa nyingi za Kichina zina gancao, mizizi ya susi, hata hiyo Xiaoyao wan inayo. Susi ikitumika sana hupandisha presha na kushusha potasiamu, na umesema unameza dawa za presha. Kuna vidonge vyao vya zamani vya kutuliza roho, Zhusha anshen wan, ambavyo kiungo chake kikuu ni zhusha, lile jiwe jekundu lenye zebaki. Kuna mmea uitwao heshouwu unaojulikana kwa kuharibu maini ya baadhi ya watu. Na makopo ya kuzungushwa mitaani mara nyingine yanakutwa yamechanganywa dawa za hospitali bila kuandikwa, ndiyo maana mtu anasinzia siku ya kwanza na kusifia. Muulize jirani namba ya usajili, ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) au ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Akianza kukupa ushuhuda badala ya namba, rudisha.

Hujasema kama vipimo vyako vilikuwa na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na homoni za tezi ya shingo. Kama hapana, rudi hospitali, kifua si cha kubahatisha. Dawa ya presha usiiache. Na kama usiku huo usiolala yanakujia mawazo ya kujidhuru, usingoje majibu ya humu, mwamshe mtu wa nyumbani akupeleke hospitali usiku huohuo.

Halafu lipige picha kopo, upande wenye maandishi ya Kichina, uiweke hapa. Nasoma polepole, lakini orodha ya viungo nitaipata.