Maswali ya Jikoni: Chachu Haifuati Saa ya Mashine

Swali: Nina mashine ya mkate na chachu ya unga na maji niliyoilea mwezi mzima. Nikitumia programu ya mkate wa kawaida natoa tofali, tena halina ukali hata kidogo. Niongeze chachu?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Ongeza saa, si chachu. Programu ya kawaida humaliza kazi kwa saa 3 hadi 4 kwa sababu imepangwa kwa hamira ya dukani. Chachu ya kienyeji huumua polepole, na uchachu wenyewe huletwa na bakteria, ndugu wa wale wanaochachusha togwa na maziwa ya mgando. Hao hawaharakishwi na kitufe. Basi iachie mashine kukanda na kuoka tu. Saa za kuumuka zishike mwenyewe.

Ukali uanze kuutafuta jana yake. Asidi ni za namna mbili: ya maziwa, ambayo ni laini kama mtindi, na ya siki, ambayo ndiyo inayochoma ulimi. Chachu nyepesi kama uji iliyokaa kwenye joto huelekea mtindi. Ngumu iliyolazwa kwenye baridi huelekea siki. Jioni changanya chachu iliyoamka (yaani uliyoilisha ikapanda) gramu 50, unga wa atta gramu 100 na maji gramu 75. Atta tunaisisitiza: pumba zake hupunguza makali ya asidi, kwa hiyo bakteria huendelea kutengeneza nyingine kabla hawajaelemewa. Acha mezani saa 2, kisha weka kwenye friji hadi kesho jioni.

Kesho yake tia kwenye chombo cha mashine maji gramu 220, ile chachu ngumu ukiinyofoa vipande vipande, unga mweupe wa ngano gramu 375, mafuta kijiko 1 cha chakula na chumvi gramu 9. Pima kwa mizani, kikombe kitakudanganya. Washa programu ya kukanda donge. Baada ya dakika 10 fungua kifuniko utazame: donge liwe la mviringo, linanata kidogo chini. Likisambaa kama uji mzito, nyunyiza unga kijiko kimoja kimoja.

Ukandaji ukiisha zima mashine, maana programu nyingi huendelea kupasha joto na hilo hulikimbiza donge. Chomoa pala la kukandia kwa mkono uliolowa, la sivyo mkate utatoka na shimo tumboni. Sawazisha, funika, acha. Kwa joto la Dar, saa 3 hadi 5. Njombe wakati wa kipupwe zinaweza kufika 8. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole bila kujaa lote, washa programu ya kuoka tu, dakika 60. Gamba litakuwa jeupe kuliko la mkate wa hamira kwa kuwa sukari ya unga imeliwa, hivyo chagua rangi ya giza. Ukishatoka, usiukate kabla haijapita saa 1 na nusu, ndani utakuta mnato.

Swali: Mashine yangu haina programu ya kuoka peke yake. Niitupe?
*Msomaji, Nakuru*

Jibu: Hapana. Andaa chachu ngumu kama hapo juu, ongeza hamira ya chenga kijiko 1 cha chai, kisha tumia programu ndefu kuliko zote. Uchachu utakuwa wa wastani. Au kandia kwenye mashine, ukaoke kwenye oveni.

Swali: Mkate unapanda vizuri, kisha katikati unabonyea wakati wa kuoka.
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Umeuchelewesha. Asidi ikizidi hudhoofisha ule mtandao wa gluteni unaoshika hewa, nao haustahimili joto. Oka saa 1 mapema zaidi, usingoje donge lifike ukingoni mwa chombo. Likiwa bado linabonyea, punguza maji gramu 20.

Swali: Chachu yangu ina maji meusi juu na harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha.
*Msomaji, Muscat*

Jibu: Ina njaa. Mwaga maji hayo, bakiza gramu 20, lishe unga gramu 60 na maji gramu 60, mara mbili kwa siku hadi ipande maradufu. Ukiona michirizi ya waridi au ya chungwa, au ukungu wenye manyoya, tupa yote na chupa uichemshe.