Nani anakula miche yako usiku?

Mvua zimerudi hapa Goma, na jumbe zenu kutoka kila mtaa nazo. Nusu yake zina maneno matatu: "Miche yangu inakatwa." Inakatwa wapi? Chini, juu, au majani yametobolewa? Kuna ute? Kuna shimo? Hakuna anayempeleka mtoto kwa daktari, akasema "anaumwa", kisha akanyamaza.

Shu (kabichi) zangu nazikuta asubuhi zimelala, shina limekatwa chini kama kwa wembe, majani mazima. Ni panya? (Mama, Ndosho)

Mama, panya hana ustadi huo. Huyo ni sota, kiwavi mnene wa rangi ya udongo. Chukua kijiti, fukua kando ya mche uliolala, kina cha vidole viwili tu. Ukimgusa atajikunja kama pete. Mponde. Asubuhi ndiyo ya kumtafuta, kwa sababu mchana anajificha palepale alipokula. Usiku rudi na tochi, maana mmoja tu anaweza kuangusha miche kadhaa kabla hakujakucha, na anakata kuliko anavyokula.

Miche iliyobaki ivishe kopo la tomati lililotolewa vifuniko vyote viwili: sentimeta 3 ardhini, 5 juu. Katoni nayo inafaa, ila mvua yetu itailainisha upesi. Na kabla ya kuvisha, fukua kwanza, usije ukamfungia mwizi ndani ya nyumba.

Hukuniuliza, lakini nasema: nondo wake hutaga kwenye magugu. Ukilima leo na kupanda kesho, kiwavi aliyekosa magugu atakula nini? Safisha shamba wiki mbili tatu kabla.

Majivu ya makala (makaa) yanasaidia? (Katoyi)

Yakiwa makavu, kidogo. Yakinyeshewa, umepika uji.

Lenga-lenga (mchicha) zangu zina matundu matundu, na kwenye udongo kuna mistari inayong'aa. Nimwage chumvi? (Keshero)

Weka chumvi jikoni. Hao ni koa, wale konokono wasio na gamba. Chumvi inawaua, kisha inaharibu udongo, na hapa Goma udongo wengine tunaununua kwa gunia na kuuleta kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Utautupia chumvi?

Shida yako ni ule ukuta. Mnapanga mawe ya lava ya volkano yetu Nyiragongo, ya mlipuko wa 2002 na ya zamani zaidi, kuzunguka tuta, kisha mnashangaa. Kila tundu la jiwe lina ubaridi na unyevu. Koa hana hoteli nzuri kuliko hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa na ukuta kama huo, nikawa nawalaumu kuku wa jirani mwezi mzima. Jioni moja nikalaza gunia lililolowa kando ya tuta. Alfajiri nililifunua: koa wamebanana kama maharage kwenye sahani. Niliwasukumia kwenye ndoo ya maji ya sabuni, nikasogeza mawe hatua mbili kutoka kwenye miche. Kuku niliwaomba radhi kimoyomoyo. Fanya hivyo kila jioni, na mwagilia asubuhi, usimwagilie magharibi ukawaandalia njia.

Mnyoo wa udongo anakula miche? (Himbi, Majengo, Birere na wengine)

Hapana. Mwacheni afanye kazi.

Miche ya tomati inaanguka lakini haijakatwa. Shina chini limesinyaa, laini kama limechemshwa. Dawa gani ya kiwavi? (Kijana, Mugunga)

Hakuna kiwavi hapo, kijana wangu. Ni ugonjwa wa ukungu. Umesia mbegu zikibanana na unamwaga maji kupita kiasi. Ng'oa zilizoanguka, punguza maji, acha hewa ipite.

Nimeuziwa dawa ya wadudu sokoni kwenye chupa ya soda. Niweke kiasi gani? (Katindo)

Usiweke hata tone. Haina karatasi, kwa hiyo hujui ni sumu gani wala inasubiri siku ngapi kabla ya kuchuma. Lenga-lenga unachuma baada ya wiki chache tu, halafu unawapelekea watu sokoni. Na chupa ya soda ndani ya nyumba yenye watoto? Hata ingekuwa dawa halali, ukipuliza saa nne asubuhi sota yuko chini ya udongo amelala. Unaowapata ni nyuki, na mbawakawa wa ardhini wanaokula viwavi.

Mche umevutwa mpaka mlangoni mwa kishimo chenye udongo mpya. (Dada, Mabanga)

Nyenje. Mimina maji shimoni bila kukatiza, maana udongo wetu unayanywa haraka. Atatoka mwenyewe. Kama hujapuliza kitu cha chupa ya soda, watoto watajua la kumfanyia.