Mafuta Yanatoka Sheli: Kwa Wanaokwenda Usaili wa Mafuta na Gesi

Jumatatu nilikuwa nasubiri daladala pale Kilombero, Arusha, mvua inanyesha, simu ikaita mlio wa ujumbe. "Shikamoo dada. Mimi niko Moshi, nimemaliza jiolojia mwaka jana. Nimeitwa usaili kwenye kampuni ya utafiti wa mafuta, nimebakiza siku tisa. Nisome nini?"

Nikaanza kumjibu mistari miwili, ikafika kumi, daladala ikaniacha. Nikaona bora niandike hapa. Mko wengi, na najua anayesoma hapa ana ndoto ileile niliyokuwa nayo mimi: ovaroli, kofia ngumu, helikopta ya kwenda baharini, mshahara wa dola.

Mdogo wangu, usaili kama huo mimi niliufeli. Mwaka 2015, Dar es Salaam, kampuni siitaji.

Nilianza chuo wakati gesi ya bahari kuu ya Lindi na Mtwara ndiyo habari ya mjini. Kisima cha kwanza cha kina kirefu kilipata gesi mwaka 2010, na baada ya hapo kila mzazi aliyekuwa na mtoto mwenye fizikia na jiografia alianza kuhesabu. Baba yangu alishamwambia mpaka mwenye duka la jirani. Miaka ya chuo naipita, ilikuwa noti, vyumba vya kupanga na wali maharage. Nilimaliza na GPA nzuri, na hilo nalisema bila aibu.

Kwenye chumba cha usaili walikuwa watu watatu. Nilijieleza vizuri sana. Mzee mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akatoa mawe mawili mfukoni na kuyaweka mezani. La kwanza jeusi, limejaa matundu, yale mawe ambayo kwetu Kibosho ndiyo ukuta, ndiyo msingi, ndiyo mafiga. La pili rangi ya kahawia hafifu, limetulia, huoni hata tundu moja. Akauliza: "Lipi kati ya haya lingekutunzia mafuta?"

Sikufikiri hata sekunde tatu. Nikashika lile la matundu. Nikaongeza na maneno, eti nafasi ni kubwa, inaonekana kwa macho.

Hakusema kitu. Alichovya kidole kwenye glasi yake ya maji, akadondosha tone kwenye jiwe langu. Tone likajaa ndani ya tundu moja, likakaa hapo linang'aa. Akadondosha jingine kwenye lile la kahawia. Likaenea kidogo, likaacha doa jeusi, likazama. Alirudia mara tatu. Mara zote lilizama, kama andazi kavu likichovywa kwenye chai. Halafu akanishukuru kwa kuja.

Kwa miaka nilisema sikupata kazi kwa sababu ya bei. Ni kweli bei ya mafuta ilikuwa imeanguka, kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya 50 Januari 2015, na kampuni zilikuwa zinapunguza watu. Lakini siku ile mtu mmoja alichukuliwa, na hakuwa mimi. Bado inauma nikiandika.

Sasa nikueleze kile ambacho tone lile lilikuwa linasema.

Watu wengi, wakiwemo wenye digrii, wanadhani mafuta yako chini ya ardhi kama ziwa. Hakuna ziwa. Mafuta yako ndani ya mwamba, katikati ya punje za mchanga, kwenye vinafasi ambavyo macho hayavioni. Nafasi kuwepo haitoshi, lazima zipitane, maana mafuta yasipoweza kutoka nafasi moja kwenda nyingine hayatafika kisimani. Jiwe la volkano lina matundu kwa sababu gesi ilinaswa wakati lava inapoa, kila povu peke yake, kama vyumba visivyo na milango. Jiwe mchanga halina majivuno, lakini vyumba vyake vina milango. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika Dar mwaka 2004, imekaa ndani ya jiwe mchanga la zama za dinosaria. Mawe ya chokaa nayo yanaweza kazi hiyo. Ghawar kule Saudia, uwanja mkubwa kuliko yote ya nchi kavu, mafuta yake yamo kwenye chokaa.

Huo ni mwamba hifadhi. Mafuta hayakuzaliwa humo, yamehamia tu.

Yalikozaliwa ni kwenye mwamba wa tope laini uliogandamana, ambao sisi chuoni tulikuwa tunauita sheli, kutoka Kiingereza "shale". Tulicheka sana. Kwa Mtanzania sheli ni pale bodaboda anapojaza, na muulize yeyote mafuta yanatoka wapi, atakwambia sheli. Bila kujua amejibu swali la mtihani! Tope hilo lilitulia chini ya maji yasiyo na hewa, likiwa na mabaki ya mwani na vijidudu ambavyo havikuoza vikaisha. Likafunikwa na mashapo mengine, yaani tope na mchanga vilivyotulia juu yake, likazama kilomita mbili, tatu, nne. Chini huko joto linapanda nyuzi 25 hadi 30 kila kilomita. Likifika kati ya nyuzi 60 na 120 hivi, mabaki yale yanaiva na kuwa mafuta. Likizidi sana, unabaki na gesi tu. Lisipofika, una tope lako. Ni mapishi, na moto hauna haraka. Ni mamilioni ya miaka.

Kisha mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, yanapanda. Yakikuta mwamba hifadhi yanaingia, na juu yake pasipokuwa na kifuniko, sheli nyingine au chumvi isiyopitisha, yanaendelea kupanda hadi yatokeze juu na kupotea. Ukisahau kifuniko kwenye usaili, umerudi Moshi na basi la jioni.

Na hapa nyumbani je? Kila mwaka kuna mtu ananiambia chini ya Kilimanjaro kuna mafuta, wazungu wanaficha. Kilimanjaro na Meru ni volkano, lava juu ya lava, si tope la kupika mafuta. Mbishi mwenye digrii ataniambia Vietnam wanachimba mafuta kwenye granaiti, jiwe lililozaliwa na moto kama lava, uwanja wa Bach Ho. Ni kweli, granaiti ile imepasukapasuka, lakini mafuta yake yalipikwa kwenye mashapo ya pembeni. Ukitaka kuota ndoto ya mkoa wetu, iote Eyasi, kule TPDC, shirika la mafuta la taifa, wanakotafiti bonde la Eyasi Wembere. Mantiki yake ni ya bonde la ufa: ardhi inazama, ziwa linajaa, tope na mchanga vinapangana. Hivyo ndivyo Uganda walivyopata mafuta Ziwa Albert mwaka 2006 na Kenya kule Turkana mwaka 2012. Na angalia tope la ziwa lilivyo na tabia: mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa kupashwa joto njia nzima, lisishuke chini ya nyuzi 50. Ukiweza kumweleza msaili kwamba bomba linapashwa moto kwa sababu ya mwani uliokufa ziwani zamani, atakuangalia mara mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: shika mawe. Soma noti zako, sawa, ila shika mawe. Mimi nilijua tafsiri ya kila neno kwa Kiingereza na sikuwa nimewahi kumwagia jiwe maji. Kijana wa siku hizi ana picha mia za mitambo kwenye simu na hajawahi kuvunja jiwe moja akaangalia ndani. Mnapenda mshahara wa mwamba, mwamba wenyewe mnaukanyaga! Chukua jiwe mchanga, dondosha tone, hesabu sekunde. Chukua jiwe la chokaa la Tanga, kamulia ndimu, sikiliza linavyochemka kidogo. Chukua la nyumbani kwenu, lenye matundu, nalo litie maji, ili lisikudanganye lilivyonidanganya. Shika mawe.

Mimi sikwenda tena Dar. Nachimba visima vya maji Arusha hii, na maswali ni yaleyale, nafasi ziko wapi na zinapitana vipi, isipokuwa hapa unaweza kupata maji mengi halafu floridi, madini yanayoharibu meno, ikakukatalia kuyanywa. Mwezi uliopita tulipata maji mahali ambapo watu wawili kabla yetu walishakata tamaa. Kwa mara ya kwanza Baba alikuja kuangalia mtambo. Alisimama mbali, mikono nyuma, akaniuliza kama tope lile linalotoka ndilo "yale mambo ya mafuta." Nikamwambia linafanana.

Yule mdogo wangu wa Moshi nilimtumia haya yote kwa sauti, dakika kumi na moja. Jana usiku akanitumia video. Amekaa barazani kwao, tochi ya simu inamulika jiwe jeusi, tone limekaa ndani ya tundu halitikisiki. Nyuma nasikia mama yake akiuliza anafanya nini na maji ya kunywa.