Re: Reflekta kwenye pikipiki ina msaada au ni ya kumzuga trafiki tu?

Mkuu kikoti cha reflekta kinasaidia aisee. Kuna utafiti wa Auckland, New Zealand ulitoka 2004, waendesha pikipiki waliovaa nguo za kung'aa au za reflekta, hatari yao ya kuumia ajalini ilikuwa chini kwa kama asilimia 37 kuliko wasiovaa. Ila angalia na kikoti chenyewe, changu kilipigwa jua na vumbi mwaka mzima ile njano ikawa kama unga wa muhogo na mistari ya fedha ikabanduka yote, hapo usiku umevaa tambara tu maana mistari ndo inarudisha mwanga wa taa kwa dereva, rangi ni ya mchana. Na ukivaa begi mgongoni ushaifunika. Alafu washa taa hata mchana, anayekukatia kona anakuona kwa mbele.