Kabla hujalipia hiyo miche ya njano, kamwone mama yake

Rudisha hela mfukoni kwanza. Umesema upo Moshi, unataka maua ya asili yanayotambaa badala ya nyasi mbele ya nyumba, na muuza miche wa barabarani kakuonyesha ya njano, jani linang'aa, eti "ya asili haya, yanaota yenyewe". Mkuu, hiyo ni wedelia. Kwao ni Amerika ya Kati na Kusini, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, wameiweka kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kuota yenyewe si uasili. Hata deni linaota lenyewe.

Mimi nilinunua viriba 60, shilingi 500 kimoja. Miezi ya mwanzo nilikuwa mtu wa kupiga picha tu, wageni wanasifia, nami najifanya bwana shamba. Mara ikaingia kwenye migomba, ikashuka mpaka mferejini. Jirani yangu, mama mtu mzima, akaja na tawi mkononi: "Baba, maua yako yamekuja kunisalimia kwenye magimbi."

Kwa aibu nikakimbilia jembe. Ndiyo ilikuwa kosa lenyewe. Ule mmea unatoa mizizi kwenye kila kifundo, na mimi nikaukatakata kama kachumbari. Vipande vingine nikafukia humo humo, vingine nikatupa kwenye shimo la mboji, najiona nina akili. Baada ya wiki mbili nikakuta kipande kifupi kuliko kidole kimelala juu ya tofali, nusu kimekauka, na kwenye kifundo kimechomoza vijizizi vyeupe. Juu ya tofali! Nikatafuta vibarua wawili, siku tatu, 10,000 kila mtu kwa siku. Mvua iliporudi nikawaita tena. Yaani 120,000 kung'oa maua ya 30,000. Cheka tu, mke wangu alishamaliza kucheka.

Nilimfuata yule jamaa wa miche. Akanijibu, "Si ulitaka ya kufunika ardhi haraka, mzee?" Hajakosea, na ndicho kinachoniuma.

Sasa nina mtikini, ule wanaouchuma mboga Tanga. Ua jeupe lenye doa la zambarau mdomoni, nyuki hawaondoki, na chini ya mparachichi unakaa vizuri tu. Nao unatambaa, vitumba vya mbegu vikikauka vinapasuka na kuzirusha, lakini ukiuwahi ukiwa mdogo unang'oka kwa vidole viwili.

Ila hata huo usinunue kwa maneno yangu. Mche wowote wa kutambaa, mwambie muuzaji akupeleke kwa mama wa huo mche, yaani mmea uliokatiwa, pale alipokaa ardhini masika mbili. Tazama amefika wapi na amemfunika nani. Akianza "nipo bize, boss", muachie viriba vyake.

Uliuliza pia nafasi kati ya mche na mche, na kitu kuhusu kuku, nimesahau. Nitarudi jioni. Sasa hivi nimeona kitu cha njano pembeni ya tanki la maji.