Veranda ya ghorofani Malindi: kibali kwanza

Dada, umeuliza kama unaweza kuongeza veranda ya zege ghorofani kwenye nyumba ya Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe Zanzibar, na fundi kakwambia jambo dogo hilo halihitaji kibali. Linahitaji. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi, na tokea 2000 umo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Kama nyumba ni ya wakfu, anzia Kamisheni ya Wakf. Mpangaji haongezi hata tofali kwa hiari yake.

Mimi linalonitisha zaidi ni hilo zege. Kuta zenu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu zimelala juu ya boriti za mikoko. Zege likining'inizwa hapo, uzito unauvuta ukuta nje. Ukipiga na plasta ya saruji ndiyo basi: unyevu unafungika ndani, chumvi inachomoza, boriti zinaoza kwenye ncha zilizozama ukutani, usipopaona.

Omba roshani ya mbao, peleka na mchoro. Ghali, najua. Kabla ya hapo fundi agonge plasta usawa wa boriti. Ikilia tupu, tengenezeni ukuta kwanza. Na asipewe malipo ya awali mpaka kibali kitoke kwa maandishi.