Mafunzo ya ukalimani wa jamii: ujifunze nini, na wengi hukosea wapi

Swali lilikuwa hili: mtu anayekijua Kiswahili na Kiingereza barabara, na ambaye tayari huwasindikiza ndugu na majirani kwa daktari na kuwasemea, afunzwe nini zaidi ili awe mkalimani wa jamii, yaani yule wa hospitali, mahakama, polisi, shule na ofisi za ustawi wa jamii?

Afunzwe kwanza kuacha kuwasemea. Anayemsindikiza jirani hufupisha maelezo marefu, huongeza alichosahau mgonjwa, hulainisha maneno makali, na hujibu mwenyewe pale anapolijua jibu. Hufanya hivyo kwa wema kabisa. Lakini kwa mkalimani hayo yote manne ni makosa, na mazoea hayo ndiyo magumu kuliko yote kuyatoa kwa mtu aliyezoea kusaidia.

Kuhusu muda: Marekani, taasisi mbili za kitaifa zinazotoa vyeti vya ukalimani wa tiba zinadai angalau saa 40 za mafunzo kabla ya mtihani. Saa hizo zinatosha kwa maadili na taratibu, hazitoshi kuujenga ulimi. Kwa hiyo unapochagua kozi, uliza nitazungumza kwa saa ngapi, na atakayenisahihisha anazijua lugha zangu zote mbili? Kozi isiyo na mtu wa kusikiliza jozi yako ya lugha itakueleza habari za ukalimani, haitakufanya mkalimani. Uliza pia kama inafuata ISO 13611, kiwango cha kimataifa cha ukalimani wa jamii kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2014. Afya ina chake, ISO 21998 cha 2020, na sheria ISO 20228 cha 2019.

Utakaoutumia zaidi ni ukalimani fuatizi: mmoja anasema, anatua, wewe unasema. Anza kumbukumbu bila kalamu. Sikiliza sekunde 20 za habari za redio, zima, irudie maana yote kwa lugha ileile. Ukiweza bila kuacha kitu, nenda sekunde 40, kisha dakika nzima, ndipo uvuke kwenda lugha ya pili. Wanaoanza na kuvuka lugha siku ya kwanza hawajui walichokosa kama ni kumbukumbu au ni msamiati. Kalamu ije baadaye, na iandike vile ambavyo kichwa hakivishiki: majina, tarehe, namba, vipimo vya dawa, mpangilio wa matukio, na viunganishi kama "lakini" na "kwa sababu". Usibuni alama mia. Mfumo wa kuandika vidokezo wa mkalimani Jean-François Rozan wa mwaka 1956, ambao wakalimani wengi bado wanaufuata, una alama 20 tu. Andika ukishuka chini ya ukurasa, piga mstari kila msemaji anapotua, na mwisho wa kikao karatasi zichanwe palepale.

Sasa niingie kwenye Kiswahili chenyewe, maana hapa ndipo kozi za jumla hazikufikishi, na ndipo wazungumzaji wazawa wanapoteleza kwa kujiamini.

Saa. Daktari akisema "eight in the evening" utasema saa mbili usiku, hilo kila mtu analijua. Lakini katikati ya kikao kirefu, ukiwa umechoka, ulimi hutoa "saa nane usiku" na mgonjwa anaamka usiku wa manane kumeza dawa. Zaidi ya hapo kuna tofauti ya "saa 12" na "kila baada ya saa 12". Ya kwanza ni wakati, ya pili ni kipindi. Tamka "kila baada ya" kwa ukamilifu, usiimeze. Vivyo hivyo "kutwa mara tatu": wapo wanaoisikia kama mchana tu, kwa sababu kutwa ni mchana. Kama daktari amesema kila saa nane, sema kila baada ya saa nane, mchana na usiku, wala usiibadilishe kuwa kutwa mara tatu kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka.

Namba. "Elfu mia mbili na hamsini" inaweza kuwa 250,000 au 200,050. Shahidi akiitamka hivyo mahakamani, usichague. Omba ufafanuzi.

Ndiyo. Hii imeharibu ushahidi mwingi. Wakili anauliza, "Hukumpiga?" Mshtakiwa anajibu, "Ndiyo." Kwa Kiswahili, mara nyingi amekubaliana na muulizaji: ni kweli, sikumpiga. Neno hilo likitua kwa Kiingereza kama "yes" tupu, karani anaweza kuandika kwamba amekiri. Mkalimani hana ruhusa ya kulimalizia jibu kwa kukisia. Analotakiwa kufanya ni kuijulisha mahakama kwamba jibu hilo kwa Kiswahili linaweza kueleweka kwa njia mbili, na kuomba swali liulizwe upya bila ukanushi.

Jinsia na undugu. "Alinipiga" haisemi ni mwanamume au mwanamke, nayo Kiingereza inakulazimisha kuchagua. Uliza, usibahatishe kutokana na jinsi kisa kinavyoelekea. "Baba mdogo" ukimfanya "father", mwombaji wa hifadhi ataonekana ana baba wawili na maelezo yake yanagongana. "Ndugu" hajulikani kama ni wa tumbo moja au binamu. Kinyume chake, mgonjwa akimwita muuguzi "mama", hiyo ni heshima. Itafutie namna ya heshima ya lugha ya pili.

Mwili nao una mitego. "Mguu" unaanzia nyonga hadi unyayo, "mkono" unaanzia bega hadi vidole. Daktari anayetaka kujua panapouma hatosheki na neno hilo. Peleka neno kama lilivyosemwa, kisha mweleze linabeba eneo gani, ili yeye mwenyewe aombe aoneshwe.

Namna ya kusimamisha mazungumzo inastahili somo zima. Siku zote unasema kwa nafsi ya kwanza: mgonjwa akisema "nina maumivu", wewe nawe unasema "nina maumivu", kamwe usiseme "anasema ana maumivu". Kwa hiyo ukitaka kusema lako, jitaje: "Mkalimani anaomba neno hilo lirudiwe." Kisha uwaambie upande wa pili ulichoomba, kwa lugha yao. Watu wengi husahau hatua hiyo ya pili. Dakika mbili za mazungumzo ya pembeni ambayo mmoja hayaelewi zinatosha kumpotezea imani.

Utangulizi wako ukariri kwa lugha zote mbili mpaka utoke wenyewe ndani ya nusu dakika: jina, lugha, kwamba kila kitakachosemwa kitafasiriwa, kwamba ni siri, waongee wao kwa wao, watue mara kwa mara, na kwamba utainua mkono ukihitaji kusimamisha. Hospitalini kaa kando ya mgonjwa, nyuma kidogo, ili macho ya daktari yakutane na ya mgonjwa. Wakitoka wahudumu wote chumbani, toka nawe. Ukibaki, mgonjwa atakusimulia mambo ambayo hatayarudia mbele ya daktari, nawe utabaki na habari usiyojua uipeleke wapi.

Maandishi yatakuja bila taarifa: fomu ya ridhaa ya upasuaji, barua ya mahakama. Omba dakika mbili, isome yote kimya, tafuta vitenzi vikuu, ndipo uanze kuifasiri kwa sauti, kwa mwendo mmoja. Kama ni kurasa nyingi za lugha ya kisheria, omba mhusika mwenyewe aieleze, nawe ufasiri maelezo yake. Ukiifafanua wewe, umekuwa mshauri wa kisheria bila kuitwa.

Maneno makali na ya aibu yafanyie mazoezi kwa sauti, na mwenzako. Matusi, viungo vya siri, ubakaji. Asiyewahi kuyatamka darasani atayafunika mbele ya polisi, atasema "alimfanyia mambo mabaya" mahali ambapo mlalamikaji ametaja kitendo chenyewe, na kesi inaweza kufa hapo. Kozi isiyogusa maneno haya, iulize kwa nini. Na kwa kuwa utakuwa unasema "alinibaka" kwa nafsi ya kwanza, kwa mdomo wako, mafunzo yakufundishe pia kujitunza: dakika kumi za kupumzika kabla ya kikao kingine, na mtu wa kuzungumza naye bila kutaja jina wala dalili ya mhusika.

Faharasa ya istilahi ijenge kwa vikao. Ukiitwa kliniki ya kisukari, andaa maneno 30 hadi 40 ya hapo tu: kongosho, figo, ganzi ya miguu, sukari kushuka, kipimo kabla ya kula. Mbele ya kila neno la kitaalamu andika pia jinsi watu wanavyolisema mitaani, maana mgonjwa atakuja na hilo la mitaani.

Kila wiki jirekodi dakika kumi na ujikague kwa safu nne: nilichoacha, nilichoongeza, nilichobadilisha, nilicholainisha. Hesabu kila safu kivyake. Ukikuta kosa hata moja la namba au jina katika safu yoyote, wiki inayofuata zoezi liwe hilo tu: mtu akusomee tarehe, simu na kiasi cha fedha 20 mfululizo, nawe uzitoe kwa lugha ya pili mpaka zote zitoke sahihi.